Viini Vilivyobaki: Miaka Yangu Mitatu Jikoni kwa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpikia bibi yangu mayai kichwani. Nalisema mapema ili mdogo wangu Zaina asipate nafasi ya kulisema kabla yangu. Sabuni ilikuwa imepotea madukani. Mama akanipa viini vinne vilivyobaki baada ya kupamba keki, akaniambia, "Mpake Habuba kwenye nywele, kisha umsuuze." Habuba ndiye bibi yetu, mama yake mama, sisi Wanubi ndivyo tunavyowaita mabibi. Akafumua misuko yake, akainama juu ya beseni, nywele zikaning'inia ndani. Nikampaka vizuri sana. Halafu nikafikiri, kwa akili yangu mwenyewe ya miaka kumi na miwili: sufuria yenye mafuta huoshwa kwa maji ya moto, basi na kichwa pia. Nikaleta birika, nikamimina ndani ya beseni. Viini vikaiva palepale, vipande vidogo vya njano, vimeshikana na kila unywele. Habuba akauliza kutoka chini, "Mbona nasikia harufu ya chakula?" Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Yeye alichambuliwa nywele kwa chanuo siku mbili. Mimi nilicheka tatu.

Sasa nimestaafu, mimi Swadiki, nikiwa na miaka kumi na mitano. Nasikia wafanyakazi wa reli wakistaafu hupewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi nilipewa gunia la vitunguu vya kumenya. Lakini kazi ni kazi, na aliyeifanya ana haki ya kusema alivyoifanya, kwa hiyo naandika haya kwenye kurasa za nyuma za daftari la jiografia. Ni kwa ajili yako, Zaina, uliyechukua cheo changu bila hata kunipa pole, na kwa yeyote atakayekuja baada yako. Mkimaliza kusoma, lirudisheni chini ya pipa la unga. Kuna watu humu ndani ambao hawapendi kuandikwa, na wana magari yasiyo na namba.

Tuanze na kazi yenyewe. Mama ni mwokaji wa keki, hapa Namuwongo, nyumba ya nne kutoka relini. Keki ya harusi ni lazima iwe nyeupe. Usiniulize kwa nini. Niliuliza mimi nikaambiwa niende nje. Ile nguo nyeupe ya keki inatengenezwa kwa ute wa yai, sukari ya unga na ndimu, na katika ute huo kiini hakitakiwi hata tone. Kwa hiyo keki ya ngazi tatu ikimalizika, watu wote wanasimama kuitazama na kusema "mashallah, nyeupe," na hakuna hata mmoja anayeuliza vile viini kumi na vinane vimekwenda wapi. Hilo limenikera miaka mitatu na linanikera leo. Kiini ndicho chakula. Ute ni maji yaliyojifanya kitu. Lakini ute unapanda juu ya meza ya harusi, na kiini kinabaki kwenye bakuli pamoja na mimi.

Mama alijifunza kwa Mhindi mmoja mwenye duka la keki mjini. Nilikuwa bado mdogo Wahindi walipoambiwa waondoke. Yule mzee aliondoka na masanduku mawili. Siku ya mwisho alimpa mama mchapo wa waya wa kupigia mayai, bakuli kubwa la udongo mweupe lenye ufa mmoja, na sheria moja: viini ni vya mwokaji. Mwenye harusi analeta mayai, sukari na siagi, anachukua keki yake, na kila kiini kilichobaki ni cha aliyepamba. Ndivyo ilivyokuwa dukani kwake, na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Hakuna mteja aliyewahi kubisha. Ikumbuke sheria hiyo, Zaina, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza.

Duka lile baadaye alipewa sajenti. Anauza betri na viatu vya mguu mmoja mmoja.

Sasa mafunzo. Kwanza, usivunje yai moja kwa moja juu ya bakuli la ute. Vunja kila yai kwenye kikombe cha bati, lichunguze, linuse, kisha ndipo umimine. Wiki yangu ya pili nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira, nikavunja mayai kumi na moja kwenye bakuli moja, yote safi, na la kumi na mbili lilikuwa limeoza. Mama hakunipiga. Alinipa bakuli lile nilishike, nisimame nalo mlangoni mpaka wenzangu wapite wote na mpira wao. Pili, tone la kiini likianguka kwenye ute, usilifukuze kwa kidole, litakimbia. Lichote kwa ganda la yai lenyewe. Ganda linalikata kama kisu. Tatu, viini vikikaa wazi vinaota ngozi ngumu juu. Vimiminie maji baridi taratibu vifunikwe, uweke bakuli sakafuni kwenye kona ya mtungi, vitafika kesho.

Mchapo wa waya hauoshwi na Zaina. Nasema hivyo kwa sababu nimeona unavyouosha.

Na viini vyenyewe? Hapo ndipo palikuwa na ufundi wangu. Vitatu na kijiko cha maziwa, pakaza juu ya skonzi kabla hazijaingia kwenye oveni ya debe, zinatoka na rangi ya dhahabu, na watu wanazinunua kabla ya zile za jirani ambazo zimefubaa kama kuta za polisi. Vinne na kitunguu na mukene kutoka Ggaba, wale samaki wadogo waliokaushwa, unakaanga kwa moto mdogo: hicho ni chakula cha jioni cha watu watano. Kimoja ndani ya uji wa mtoto wa jirani aliyekuwa hanenepi. Sasa ananenepa na anatupa mawe juu ya bati letu. Kimoja nilikipaka kwenye kiti cha mwalimu wa hisabati, lakini hilo halikuwa agizo la mama, na silipendekezi, kikikauka hakitoki. Na vilivyobaki vinakwenda kwenye nywele, na nywele zinasuuzwa kwa maji baridi. Baridi. Nimeandika mara mbili.

Nisipoeleza habari ya barua hutaelewa yaliyofuata. Siku hizi sukari haiko dukani, hata wateja hawana ya kuleta. Iko ndani ya magari ya jeshi na mikononi mwa watu wa magendo, na kwa magendo hatuiwezi. Mama ana barua. Barua hiyo imepigwa muhuri kule Mbuya, mlimani kwa wakubwa, na inasema mwenye barua apewe sukari na unga kwenye stoo yao kila mwezi. Aliipata kwa mke wa kapteni mmoja, ambaye mama alimpikia keki. Kila mwezi barua inarudi kwa mke wa kapteni, anaiweka ndani ya mkoba wake, na mwezi unaofuata mama anapanda mlima kuiomba tena. Akiamka vibaya siku moja akasema hapana, basi hakuna keki, hakuna skonzi, na sisi watano tunakaa tukitazamana. Baba yetu alikuwa dereva wa lori; alikwenda na lori siku moja, na lori likarudi. Kwa hiyo barua ndiyo kila kitu.

Inanikera kwamba kila kitu chetu kinalala ndani ya mkoba wa mtu.

Huyo mke wa kapteni tulimwita Madamu, na jina lake lingine silijui na sitaki kulijua. Siku ya Idi alishuka kwetu mwenyewe na gari, akiendeshwa na koplo, kuagiza keki ya sherehe ya mumewe aliyepandishwa cheo. Habuba alikuwa ameketi barazani, amejifunga kanga mpya, nywele zake zimesukwa zinang'aa kama zimepakwa samli. Madamu akasimama.

"Mama, nywele hii unapaka nini? Mjini mafuta hakuna, shampuu hakuna, mimi mwenyewe nimekosa."

Habuba anapenda kusifiwa. Akasema, "Kiini cha yai, binti yangu. Mjukuu wangu ndiye fundi."

Nilisimama wima kama mtu anayepewa nishani. Nilikuwa mjinga.

"Kiini cha yai," Madamu akasema polepole. Akamgeukia mama. "Mayai ya nani?"

Mama akamweleza sheria ya yule mzee wa keki, kwa adabu, na mikono yake ikiwa na unga hadi viwiko. Madamu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mayai yangu iko kwa kichwa ya bibi yako. Na mimi natembea na nywele kama ufagio." Hakupaza sauti. Wakubwa hawapazi. "Mama Swadiki, kuanzia leo, kiini yote inakuja na keki. Na Ijumaa huyu fundi wako aje aniosha nywele kwangu. Sherehe ni Jumamosi."

"Sawa, Madamu," mama akasema.

Sheria iliyovuka bahari na yule mzee, iliyokaa dukani kwake na ikakaa kwetu, ilikufa kwa "sawa, Madamu." Nilitaka kusema kitu. Mama alinikanyaga mguu kabla sijafungua mdomo, ananijua.

Ijumaa nilitenganisha ute na viini kwa ajili ya keki yake. Viini kumi na vinane, hata kimoja hakikupasuka, na nakuapia, Zaina, sijawahi kufanya kazi safi kama siku ile. Nikavifunika kwa maji baridi. Mtoto wa jirani alikunywa uji mtupu. Sisi tulikula mukene na kitunguu. Koplo akaja na gari saa saba, akachungulia bakuli.

"Kijana, hii yote ni ya kichwa moja?"

"Yote, afande."

"Mimi tangu mwezi ya pili sijaona yai," akasema, akawasha gari. Tukapanda Mbuya.

Nyumba ya Madamu ilikuwa ya watu wengine zamani. Vitasa vya milango vilikuwa vya shaba na kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na alama za penseli za urefu wa watoto, na majina ambayo si ya watoto wake. Bafuni kulikuwa na mabomba mawili, moja la maji baridi, moja la maji ya moto. Nilikuwa sijawahi kuona bomba la maji ya moto. Madamu aliona kwamba sijaona, akafurahi, akalifungua ili nitazame mvuke.

Nywele zake zilikuwa za kuchomwa kwa chanuo la moto, zinafika mabegani. Akainama juu ya sinki. Nikampaka viini, kidogokidogo, kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha, kama nilivyozoea kwa Habuba. Mikono yangu ilijua kazi yake. Nikamwacha dakika chache, kisha nikafungua bomba la maji baridi.

"Wewe, unafanya nini?"

"Nasuuza, Madamu."

"Na baridi? Mimi ni kuku?"

"Madamu, kiini kinasuuzwa na maji baridi. Ya moto yanakipika."

Nilisema hivyo. Kwa Kiswahili kilichonyooka, na bomba halikuwa na kelele. Naandika kwa herufi kubwa moyoni mwangu: nilisema.

Akacheka, kichwa kikiwa bado kwenye sinki. "Sikia huyu. Mtoto wa Namuwongo ananifundisha maji. Nyumbani kwenu bomba ya moto iko?"

"Haiko, Madamu."

"Basi ufunge mdomo ufungue maji ya moto. Jaza sinki."

Hapa ndipo pa kusema ukweli, kwa sababu mwandishi wa kumbukumbu akidanganya hapa basi hata sehemu ya kikombe cha bati hamtaiamini. Ningeweza kumwambia habari ya Habuba. Ningeweza kusema, Madamu, nimeliona kwa macho yangu, nywele za bibi yangu zilichambuliwa siku mbili. Maneno hayo yalikuwepo mdomoni, yamepanga foleni. Nikaona uji mtupu wa mtoto wa jirani. Nikaona mkoba wake umening'inia kwenye ndoana ya mlango, na barua yetu ndani. Nikaona zile alama za penseli. Nikafunga mdomo, kama nilivyoamriwa, nikafungua maji ya moto.

"Aah," Madamu akasema nywele zilipozama. "Hii ndiyo kuoga."

Ilichukua muda mfupi tu. Nilitazama viini vikigeuka. Viini kumi na vinane ni vingi.

Cha kwanza kufika kilikuwa harufu. Nyumba nzima ilinukia chai ya asubuhi. Mlango wa mbele ukafunguka na sauti ya kapteni mwenyewe ikaita kutoka sebuleni, yenye furaha, "Nani anakaanga mayai? Nitiliwe na mimi." Madamu akainua kichwa. Akajitazama kwenye kioo.

Sitaeleza sura yake. Nilicheka siku ya Habuba. Siku hiyo sikucheka, na wewe usingecheka, kwa sababu hakupiga kelele. Alishika kitu kimoja cha njano kwenye nywele zake, akakitazama kati ya vidole, akasema, "Koplo. Mfungie huyu mlango wa nje. Lete mama yake."

Nilisimamishwa kwenye ujia, mgongo ukutani. Koplo alirudi na mama, kisha yeye Koplo akasimama karibu nami. Mama alipita bila kunitazama, mikono yake ikiwa bado na sukari ya kupambia. Nilisikia yote.

"Huyu mtoto wako ametumwa," Madamu akasema. "Nani amemtuma?"

Unajua neno hilo mwaka huu lina uzito gani. Kuna watu walioulizwa nani amewatuma na swali likawa ndilo la mwisho. Koplo aliacha kutafuna kijiti chake. Mimi, nisamehe, nilikuwa nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimesema, nilikuwa nimesema wazi, na hakuna mtu hata mmoja katika nyumba ile aliyekuwa ananiuliza nilisema nini.

Mama akajifuta sukari mikononi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja kwamba keki itakuwa tayari saa nne, "Madamu, huyu kutumwa hajui. Mimi namtuma dukani kila siku na hafiki."

Kapteni alicheka kwanza. Alicheka kama mtu aliyekuwa akitafuta ruhusa. Mama hakungoja kicheko kiishe. Akaomba ndimu, maji baridi na chanuo la meno madogo, akamkalisha Madamu kwenye kiti cha jikoni, akaanza. Unywele mmoja mmoja. Alianza saa tisa. Mimi nilisimama ukutani mpaka miguu ikafa ganzi, na Koplo, mara Madamu alipogeuka upande wa pili, alininong'oneza, "Kijana, mimi nisingetupa hiyo. Ningekula na chumvi."

Saa kumi na mbili jioni mama alimfunga Madamu kilemba cha hariri, kirefu na kipana, akamwambia kesho wanawake wote watauliza kimefungwaje. Na ndivyo ilivyokuwa, tulisikia baadaye. Madamu akajitazama kwenye kioo, akageuka upande huu na upande ule. Akauchukua mkoba.

"Barua yako utapata," akasema. "Lakini huyu asiguse yai tena. Nikisikia ameshika hata ganda, barua inakaa hapa."

"Ametoka jikoni tangu sasa," mama akasema.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Miaka mitatu, keki sijui ngapi, na mwanamke aliyekataa kusikia neno moja alinifukuza kazi ambayo hakuwahi kuniajiri. Sikuulizwa. Hakuna aliyesema, huyu kijana alionya. Niliapa njiani kwamba nitaliandika mahali, na mahali penyewe ni hapa, nyuma ya ramani ya maziwa makuu.

Tulishuka mlima kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma. Tulivuka reli. Kwenye kila nyumba niliyoipita nilikuwa natunga utetezi wangu, na ulikuwa utetezi mzuri, una sehemu tatu. Tulipofika, mama aliketi kwenye kigoda bila kuvua buibui. Akaweka chanuo mezani. Kati ya meno yake kulikuwa bado na vipande vya njano. Habuba alikuwa barazani akichagua mchele, haoni vizuri siku hizi, anauchagua kwa vidole.

"Mama," nikaanza, "nilimwambia. Nilimwambia ya moto yanakipika. Akasema nifunge mdomo."

"Ulimwambia habari ya bibi yako?"

Utetezi wangu wa sehemu tatu ukaondoka wote kwa mara moja.

"Hapana."

Mama akanitazama. Niliona pembe ya mdomo wake inavutwa, ikavutwa, akaishika kwa meno mpaka ikatulia. Akachukua chanuo, akanipa mkononi, akaelekeza kidevu barazani.

Akasema, "Nenda kamwombe Habuba msamaha. Yeye hakuomba maji ya moto."